Sura ya 5: Plau Kwanza, Trekta Baadaye

Mtu akienda kutafuta trekta, neno la kwanza kumtoka mdomoni ni farasi. Ina farasi ngapi? Muuzaji anajibu 75, mnunuzi anaridhika, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Udongo utakaolimwa, kina cha kulima, idadi ya eka na plau la diski ngapi, hayo yote yanakuja kufikiriwa baadaye, mara nyingi trekta ikiwa imeshafika nyumbani na mvua ya kwanza imeshanyesha. Katika sura hii tutaanzia upande wa pili. Tutaanza na udongo na eka, tuchague plau, na farasi tutazihesabu mwisho.

Farasi mmoja, kwa kipimo kinachotumika nchi nyingi, ni nguvu ya kunyanyua kilo 75 kwenda juu mita 1 kwa sekunde 1. Namba inayobandikwa kwenye boneti ni nguvu ya injini, lakini plau halifungwi kwenye injini. Kabla nguvu hiyo haijalifikia plau, inapita kwenye klachi, giaboksi, difu na matairi, kisha inakutana na udongo unaobonyea chini ya tairi. Kila kimoja kinachukua chake. Iko kanuni ya kukadiria iliyozoeleka Marekani, na ni rahisi kuikumbuka shambani: kila hatua zidisha kwa 0.86. Chukua trekta ya farasi 75 inayoendeshwa na matairi ya nyuma tu. Kwenye shafti ya PTO zimebaki 64 na kidogo. Ikivuta juu ya sakafu ya zege, 55. Kwenye ardhi ngumu, karibu 48 ikijikaza mwisho wa uwezo wake, lakini ya kufanyia kazi kutwa nzima bila kuiua ni 41. Ipeleke kwenye shamba lililokwisha kutifuliwa, zinabaki 35. Kwenye udongo laini au mchanga mtupu, 30. Yaani zaidi ya nusu ya farasi ulizolipia zinaweza kuishia njiani, na trekta ni nzima kabisa.

Wakulima wa jimbo la Nebraska waliling'amua hili mapema na kwa uchungu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na viwanda vingi vya trekta Marekani, na kila kimoja kilijitangazia nguvu kilivyotaka. Mkulima mmoja aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo, Wilmot Crozier, alikuwa amekwisha kununua trekta ambazo hazikufanya kazi zilizoahidiwa. Mwaka 1919 akasimamia kupitishwa kwa sheria iliyokataza kuuza trekta mpya jimboni humo mpaka iwe imepimwa na chuo kikuu, si kwenye injini tu bali hata pale inapofungwa zana. Vipimo vilianza mwaka 1920, na vinaendelea mpaka leo. Kwetu Tanzania kazi ya kupima zana za kilimo iko kwa CAMARTEC pale Arusha, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1981. Mnunuzi ana haki ya kuuliza cheti cha vipimo vya modeli anayoitaka, na ndani ya cheti hicho atazame mstari unaosema trekta ilivuta nini, si ule wa injini.

Lakini hata cheti kizuri hakijui udongo wako. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ilishuhudia somo hilo likifundishwa kwa gharama kubwa kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mpango wa karanga. Vita vya pili vilikuwa vimewaacha Waingereza na uhaba wa mafuta ya kula, na wapangaji wao waliamini kwamba mashine zingegeuza zaidi ya eka milioni 3 za pori, nyingi zikiwa Tanganyika, kuwa mashamba ndani ya miaka michache. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa eka 150,000. Trekta na mabuldoza yaliyoachwa na majeshi yakakusanywa kutoka nchi mbalimbali, mengi yakiwa yamechoka kabla ya kuanza. Kampuni ya Vickers ikachukua vipuri vya vifaru vya Sherman ikaunda trekta zilizoitwa Shervick. Nguvu ya injini haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuusikiliza udongo. Ule wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali: mvua ikikatika jua linauchoma mpaka unakuwa tofali, na chembe za mchanga zinakula chuma. Majembe yalisagika, vyuma vikapinda, karanga zilizostawi zikakataa kung'oka kwenye ardhi iliyokauka. Mwaka wa kwanza ulikwisha eka zilizosafishwa zikiwa elfu chache tu. Januari 1951 mpango ulifutwa, na walipa kodi wa Uingereza wakabebeshwa hasara ya takribani pauni milioni 36.

Ardhi yenyewe haikuwa na laana. Wilaya hiyohiyo leo ina soko la nafaka la Kibaigwa, ambako malori hupakia mahindi yaliyolimwa na wakulima wanaojua siku gani udongo wao unakubali kufunguliwa na siku gani haukubali.

Basi tuuhesabu udongo. Plau linapopita linakata pande la udongo lenye upana na kina. Plau la diski tatu la kawaida hukata upana wa kama sentimita 90, na ukilima kwa kina cha sentimita 20, pande hilo ukilitazama kwa mbele lina sentimita za mraba 1,800. Kila sentimita ya mraba ina ukinzani wake. Kichanga hudai mvuto wa kama kilo 0.3, tifutifu kilo 0.5, na mfinyanzi mzito, ule mweusi wa mbuga, kilo 0.9 au zaidi. Zidisha. Kichanga kinataka mvuto wa kilo 540, tifutifu kilo 900, mbuga kilo 1,620. Plau ni lilelile, dereva ni yuleyule, na pengine ni shamba lilelile ukitoka mlimani kushuka bondeni, lakini mzigo umezidi mara tatu.

Ukitaka kujua farasi zinazohitajika kwenye plau, zidisha kilo za mvuto kwa mwendo wa kilomita kwa saa, kisha gawa kwa 270. Kichanga kwa mwendo wa kilomita 6 ni farasi 12. Tifutifu kwa mwendo huohuo ni 20. Mbuga, hata ukipunguza mwendo mpaka kilomita 5, ni 30. Sasa rudi kwenye trekta yetu ya farasi 75 yenye 41 za kazi kwenye ardhi ngumu. Tifutifu inalimika kwa raha, na hata trekta ya farasi 50, ambayo kwa kanuni yetu inabaki na 27, inaimudu. Mbuga ni habari nyingine. Ikiwa ngumu kidogo, farasi 75 zinatosha na akiba ndogo. Ikiwa imelowa ikawa laini, zile 30 zilizobaki zote zinaliwa na plau, na dereva hana hata farasi mmoja wa kupandia mwinuko au kupita kwenye kisiki.

Mwendo nao una hila zake. Ukiongeza kasi, mzigo wa plau wenyewe unapanda, kwa sababu udongo sasa unarushwa badala ya kugeuzwa, na farasi zinazohitajika zinapanda kwa kasi kubwa kuliko mwendo ulivyopanda. Ndiyo maana kulima kwa kilomita 9 kwa saa ili kuwahi kumaliza shamba la jirani hakumpi mwenye trekta faida anayoitarajia kwenye dizeli.

Na unyevu unapindua hesabu yote. Udongo uliokauka kabisa unapasuka mabonge na kudai mvuto mkubwa. Uliolowa kupita kiasi unanata kwenye diski na kushindiliwa na matairi. Chimba mpaka kina utakacholima, chota udongo, ufinyange kiganjani mpaka ushikane, kisha uachie donge lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka vipandevipande, funga plau. Likitua chini limelala kama lilivyo, subiri siku mbili tatu.

Siku hizo za udongo kukubali ndizo zinazopaswa kuamua ukubwa wa plau. Tuchukue mkulima wa eka 100 za tifutifu anayejua kwamba baada ya mvua za kwanza za Desemba ana siku kama 13 za kulima kabla hajachelewa kupanda. Anahitaji eka 8 kwa siku. Plau la sentimita 90 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ukitoa muda wa kukata kona, kuongeza mafuta na kuchomoa mizizi, linamaliza karibu eka moja kwa saa. Saa nane, eka nane. Diski tatu zinamtosha, na trekta ya farasi 50 hadi 60 iliyo nzima inazivuta. Kama amekopa benki akanunua ya 90 kwa sababu jirani anayo ya 85, atakuwa analipa marejesho ya farasi 30 ambazo shamba halijamwomba. Mkulima wa eka zilezile kwenye mbuga hesabu yake inakuja tofauti: mwendo ni mdogo, eka kwa siku hazifiki saba, na siku za kulimika ni chache zaidi kwa sababu mbuga hutoka kwenye ukavu wa kupasuka kwenda kwenye tope kwa mvua mbili tu. Huyo ndiye mwenye sababu ya kutafuta trekta kubwa.

Hata hivyo farasi peke yake hazimsaidii, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Trekta haivuti kwa injini tu, inavuta kwa uzito. Tairi la nyuma likiwa kwenye udongo mzuri linaweza kuvuta karibu nusu ya uzito linaoubeba. Trekta ya tani 2.8 huegemea nyuma kwa kama tani 1.8, na plau lililozama ardhini huongeza labda nusu tani nyingine. Hizo ni tani 2.3, na nusu yake ni kilo 1,150. Sasa kumbuka mbuga ilidai kilo 1,620. Injini ya farasi 75 ina uwezo wa kuzivuta, lakini matairi hayana mshiko wa kuzivuta. Yatazunguka bure, yachimbe mashimo, na dizeli iishie hapo.

Mtu aliyelielewa jambo la uzito kuliko wote wa zama zake ni Harry Ferguson, fundi mzaliwa wa kaskazini mwa Ireland, ambaye jina lake bado limo kwenye boneti za Massey Ferguson. Kabla yake plau lilikokotwa kwa mnyororo au kigingi kama mkokoteni, na likikwama kwenye kisiki trekta iliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson alilifunga plau kwenye mikono mitatu, miwili ya chini inayonyanyuliwa na haidroliki na mmoja wa juu ambao mafundi wanauita toplinki. Kwa ufungaji huo mzigo wa plau unayakandamiza matairi ya nyuma, na toplinki inausukuma mwili wa trekta kwa mbele ili pua isiinuke. Trekta yake ndogo ya TE20, iliyoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, ilikuwa na uzito wa kama tani moja na ushei na farasi zisizozidi 30, lakini ilivuta plau la majembe mawili bila taabu. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000. Dereva anayefunga toplinki kwenye tundu lolote lililo karibu na mkono wake, bila kutazama urefu wake, anautupa ubunifu wote huo.

Uzito unaweza kuongezwa bila kubadilisha trekta. Matairi ya nyuma yakijazwa maji robo tatu, trekta ya ukubwa huu inapata karibu nusu tani kwa gharama ya maji na vali. Vyuma vya mbele navyo si pambo. Bila hivyo plau zito linanyanyua pua na usukani unakuwa mwepesi mno, na kwa usalama angalau sehemu moja kati ya tano ya uzito wote ibaki mbele. Upepo nao utazamwe. Trekta nyingi hushinda barabarani zikivuta trela, kwa hiyo matairi yanajazwa mpaka yanadunda, kisha yanapelekwa shambani hivyohivyo. Tairi gumu linagusa ardhi kwa eneo dogo na linateleza. Na kama bado mbuga imegoma, iko njia ambayo wenye trekta hawaipendi ingawa ni ya dakika chache kwenye plau zilizoundwa kwa ajili hiyo: ondoa diski moja. Diski mbili zinadai kilo 1,080, ambazo matairi yetu yanazimudu, na farasi 20 tu. Eka kwa siku zinapungua, lakini zinalimwa kweli.

Mtelezo unapimika kwa chaki. Dereva akiwa tayari kwenye mstari wa kwanza, chora alama nyeupe ubavuni mwa tairi la nyuma, chomeka kijiti ardhini inapogusa, kisha tembea kando ya trekta ikilima na uhesabu alama ishuke chini mara kumi. Chomeka kijiti cha pili. Rudia palepale plau likiwa limenyanyuliwa. Kwa tairi kubwa la kawaida, mizunguko kumi bila mzigo itakupeleka kama mita 45. Ikiwa kwa mzigo umefika mita 40, mtelezo ni asilimia 11, na hiyo ni hali njema. Kati ya asilimia 8 na 15 trekta na plau vinaelewana. Ukipata mita 34, robo ya dizeli yako inasaga udongo bila kusogea mbele. Chini ya asilimia 5 nako kuna tatizo, maana umebeba uzito usio na kazi na unaishindilia ardhi bure.

Haya yote yanamgusa hata mkulima asiyemiliki trekta, na hao ndio wengi. Anayelimiwa hulipa kwa eka, na dizeli ni ya mwenye trekta. Trekta ikiwa imezidiwa na plau, dereva ana mkono wa haidroliki karibu na paja lake, na akiusogeza kidogo tu kina kinatoka sentimita 20 kwenda 12. Kwenye mbuga mzigo unashuka kutoka kilo 1,620 mpaka 970, moshi mweusi unakoma, mwendo unapanda. Kwa juu shamba linaonekana limelimwa, jeusi, limegeuzwa. Chini ya sentimita 12 ardhi haijaguswa, na misimu ikifuatana matairi na diski vinajenga pale tabaka gumu ambalo mzizi wa mhindi ukilifikia unapinda kwenda pembeni. Mvua ikikatika wiki mbili, mahindi hayo ndiyo ya kwanza kujikunja majani. Wakulima husema amenikwangulia tu, na wako sahihi. Usingoje mpaka jioni kuligundua hilo. Mistari ya kwanza ikishalimwa, ingia kwenye mfereji wa mwisho, ondoa udongo uliomomonyokea ndani kwa mkono mpaka uguse sakafu ngumu iliyokatwa na diski, na upime kwa rula kutoka hapo mpaka usawa wa ardhi isiyolimwa. Pima mahali kadhaa. Kina kiwe kimetajwa katika mapatano kabla trekta haijaingia, sawa na bei.

Pawatila inaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Ni mashine nzuri kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali au Kilombero, ambako inavuruga tope na kulisawazisha. Uzito wake ni kama kilo 500, kwa hiyo hata kwenye mshiko mzuri inavuta kilo 200 hivi. Jembe lake la upana wa sentimita 25 kwa kina cha 15 linadai karibu kilo 190 kwenye tifutifu yenye unyevu, yaani inafika ukingoni mwa uwezo wake. Kwenye mfinyanzi mkavu linadai kilo 340. Anayeipeleka huko anaitesa mashine, na anamtesa zaidi kijana anayeishika mikono kutwa.

Kwa mwenye trekta kubwa na plau dogo, hasara ni ya dizeli na ina tiba. Asilime kwa gia nzito huku injini ikinguruma kwa mizunguko ya juu. Apandishe gia, apunguze mafuta, mwendo ubaki uleule. Injini ikianza kutetemeka au kutoa moshi mweusi amepunguza mno.

Limebaki haro, ambalo watu hulifunga baada ya plau kwa imani kwamba kazi ngumu imekwisha. Haro la diski halina kina cha kuhesabia kama plau; mvuto wake unatokana na uzito wake lenyewe. Kwenye kichanga chenye tifutifu linadai kama asilimia 80 ya uzito wake, kwenye mfinyanzi mara moja na nusu. Haro la kilo 700 kwenye mbuga iliyolimwa jana linahitaji mvuto wa zaidi ya tani moja, na sasa matairi yanakanyaga udongo uliofumuliwa, ambako mshiko umepungua na farasi 41 zimekuwa 35. Trekta iliyovuta plau bila shida inaweza kukwama hapo. Kwa hiyo unapochagua haro, uliza uzito wake kwanza, na idadi ya diski baadaye. Na kama muuzaji wa trekta amekubali kuileta shambani kwako kwa majaribio, mwambie aje na haro pia, alime kipande, kisha alipige kipande hichohicho haro mbele yako, chaki ikiwa kwenye tairi.